Chombo Namba Kumi na Moja Kama Kilivyokuwa

Pasiansi, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Nyanjura,

Nakuandikia ukiwa chumba cha pili. Nasikia zipu ya sanduku lako ikikwama, na mama yako akikuambia upunguze viatu. Mtu akisikia kwamba mzee ameketi sebuleni akimwandikia barua mtoto aliye hatua sita kutoka kwake, atasema ni uzee. Lakini kosa ninalotaka kukusimulia nililitenda kwa ulimi, na kwa ulimi huo huo nimelifunika miaka kumi na minne. Siuamini tena kwa jambo hili. Karatasi haina tabasamu, wala haikohoi ili kukwepa neno.

Habari ya koti la baridi, ya dagaa waliofungwa vizuri wasinuke ndani ya ndege, ya kupiga simu ukifika, mama yako ameishika yote na anaijua kuliko mimi. Habari ya sala sikuagizi. Nilikufundisha ungali mdogo, na naamini imekaa. Mimi nina jambo moja tu, nalo linahusu ile kazi uliyonionyesha majuma matatu yaliyopita kwenye meza hii ninayoandikia.

Ulikuja na kompyuta yako, ukasogeza sahani ya mihogo, ukasema, "Baba, shikamoo tena. Leo nina zawadi." Kwenye kioo palikuwa na chombo cha rangi ya kijivu, kimeelea mahali pasipo na ufukwe. Nilikitambua kabla hujakitaja, kama mtu anavyomtambua marehemu kwa kisogo chake.

"Ni Namba Kumi na Moja," ulisema. "Nimekijenga upya kutoka kwenye ule mchoro ulionipa nikiwa mwaka wa pili. Kila bamba, kila mhimili, kila kilo."

Nikakuuliza umekijengaje, kwa kuwa nilihitaji muda wa kupumua. Ukanifundisha kwa subira, nami nikakusikiliza kama nilivyokuwa nikiwasikiliza mapadre seminarini.

"Zamani mlikuwa na michoro mingapi kwa chombo kimoja, baba?"

"Minne, mitano. Kila fundi na wake."

"Sisi tuna modeli moja. Fundi wa injini, wa mabamba, wa umeme, wote wanachota humo. Mmoja akibadilisha kitu, wengine wanaona saa hiyo hiyo kimewagusa wapi. Na kila sharti la mwenye chombo limefungwa kwenye kiungo kinacholitimiza, pamoja na jaribio la kulithibitisha. Hakuna badiliko linalopita kimya kimya."

Kisha ukapakia watu. Ukapakia magunia. Ukaleta wimbi la ubavuni. Chombo kililala, kikainuka. Kililala tena, kikainuka. Uso wako ulikuwa umejaa furaha kiasi kwamba nilitazama mikono yako badala ya uso.

"Unaona? Nimekijaribu zaidi ya mara mia mbili, hakipinduki. Mchoro wako haukuwa na kosa, baba. Kosa lilikuwa la yule nahodha aliyekizamisha, kama walivyosema. Kazi hii ndiyo niliyowaonyesha kwenye usaili, nayo ndiyo iliyowafanya wanichukue. Nikifika wanataka niianzie hiyo, niwaeleze wote pale ofisini. Na siku moja nitamtafuta huyo mzee, nimwekee mezani."

Nilisema, "Ahsante, mama." Unalo jina la mama yangu mzazi, na tangu uzaliwe sijaweza kukuita vinginevyo nikiwa nimeguswa. Kisha nikatoka nje, nikakuambia nakwenda kufunga banda la kuku. Hatujafuga kuku tangu mwaka juzi. Hukuniuliza.

Nyanjura, modeli yako haina kosa. Lakini ni modeli ya chombo ambacho hakijawahi kugusa maji.

Wakati ule nilikuwa mchoraji mkuu wa karakana ya vyombo hapa ufukweni, na Jumapili nilikuwa katekista. Watu waliniita Mwalimu pande zote mbili, na sikujali kutenganisha heshima ya kanisani na ya karakanani. Hilo liandike kwanza kati ya makosa yangu, maana mengine yote yalipanda juu yake. Mtu anayeaminiwa kwa sababu ya mafundisho yake ya dini hana haki ya kuutumia uaminifu huo kubebea bamba la chuma.

Unaikumbuka karakana. Ulikuwa unapitia pale ukitoka shule, na Mama Kulwa, aliyekuwa akitupikia chai, anakufichia andazi chini ya kawa. Unachoweza kuwa hukukitambua, kwa kuwa ulikuwa na miaka kumi, ni kwamba chai ile ya saa nne ndiyo iliyokuwa ofisi yetu. Kila fundi alikuwa na nakala yake ya mchoro, imekunjwa mfukoni, imejaa mafuta. Likitokea jambo la kubadilisha, halikuandikwa kwenye nakala yoyote. Lililetwa kwenye chai. Fundi anasema, mimi najibu, wengine wanaitikia, jambo limekwisha. Tuliliita neno la chai. Kumwambia mwenzako, "Niandikie," baada ya kula naye sahani moja, kulikuwa ni kumwambia kwamba humwamini. Nilimwona kijana mmoja wa Nyakato, aliyetoka kiwandani, akiomba karatasi. Hakuna aliyemfukuza. Ila hakuna aliyemsogezea sukari tena, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa amerudi kiwandani kwake.

Namba Kumi na Moja kilikuwa cha abiria na mizigo, cha kwenda visiwani na kurudi. Nilikichora kwa miezi miwili. Sijivuni nikisema ulikuwa mchoro mzuri. Wewe mwenyewe umeupima. Kisha yakaja mambo matatu.

La kwanza lilikuwa la fundi mitambo. Injini niliyoiandika haikupatikana. Iliyopatikana ilikuwa na nguvu ya kutosha, lakini uzito wake ni karibu nusu ya ile ya kwanza. Akauliza kwenye chai kama inafaa. Nikasema inafaa, na kwa nguvu ilifaa kweli.

La pili lilikuja baada ya majuma kadhaa. Mabomba ya kunyonya maji hayakupita chini ya sakafu ya abiria. Seremala akaomba sakafu ipande shubiri moja. Siku hiyo fundi mitambo alikuwa amekwenda mjini. Nikasema ipande.

La tatu lilikuwa la Masatu, mkuu wa wachomeleaji, ambaye ulikuwa ukimwita babu kwa sababu ya mvi zake. Mwenye chombo hakutaka tena turubai la kivuli. Alitaka paa la bamba la chuma, juu ya nguzo za chuma, ili mizigo mingine ikae juu. Seremala hakuwapo, kazi yake ilikuwa imeisha.

Masatu aliuliza vizuri. Nataka ulijue hilo, kwa sababu amekwisha kufariki na hawezi kujisemea. Aliweka kikombe chini, akasema, "Mwalimu, hili paa umelipigia hesabu?"

Nikasema, "Nimepiga."

"Basi yameisha. Mwalimu akisema amepiga hesabu, hata malaika harudii."

Mama Kulwa alikuwa anamimina chai. Akatucheka, kama Wasukuma wanavyotucheka siku zote: "Nyie Wajita mnajenga vyombo kwa mdomo. Sukari haijayeyuka, mmeshakubaliana."

"Na wewe utapanda chombo hicho hicho cha mdomo," Masatu akamjibu.

"Nitapanda. Cha Mwalimu nitapanda."

Tukacheka wote. Nami nilicheka.

Sikuwa nimepiga hesabu. Nilikuwa nimekusudia kuipiga jioni ile, na wakati natamka neno lile nilijiambia kwamba tofauti ya asubuhi na jioni si uongo. Jioni palikuwa na kikao cha parokia, kikaenda hadi usiku. Natamani ningeweza kukuambia kwamba nilisahau. Kusahau kuna msamaha wake. Nilikumbuka alfajiri ya pili yake, nikiwa nafunga kamba za viatu, na nilikumbuka kila siku iliyofuata. Lakini bamba lilikuwa limeshakatwa, na kurudi kwenye chai kusema, "Jana sikuwa nimepiga," kulionekana kwangu kuwa jambo kubwa kuliko paa. Niliona aibu. Nimejaribu kutafuta neno zito zaidi ya hilo, linalolingana na yaliyotokea, na halipo. Ilikuwa aibu tu ya mtu mzima mbele ya vikombe sita vya chai.

Unaona sasa kilichotokea, maana ndiyo kazi yako. Injini ilipokuwa nyepesi, uzito wa chini ulipungua. Sakafu ilipopanda, abiria walipanda nayo. Paa liliongeza uzito mahali pabaya kuliko pote, na likakaribisha uzito mwingine juu yake. Kila badiliko lilipoulizwa peke yake lilikuwa na jibu la haki. Hakuna fundi aliyeyajua yote matatu. Aliyekuwapo kwenye chai zote tatu ni mmoja. Uliponiambia kwamba ndani ya modeli badiliko halipiti kimya kimya, nilitaka kukuambia kwamba hata siku zile halikupita kimya. Lilipita likisemwa kwa sauti, na kuchekewa, na kumiminiwa chai.

Tulipokishusha majini, nahodha alikuwa Mafuru. Huyo ndiye mzee unayetaka kumwekea kompyuta mezani. Alikizungusha mbele ya ufukwe, akakilaza kwa usukani mara mbili, mara tatu, akarudi, akanivuta pembeni, kwa adabu, mbali na mwenye chombo.

"Mwalimu, kinachelewa kuinuka."

"Kinachelewaje?"

"Kinalala kama mtu anayefikiria. Kinainuka, ndiyo. Lakini kinafikiria kwanza."

Nikamwambia, "Ni kipya. Kitazoea."

Chombo hakizoei, Nyanjura. Nilimwambia mtu aliyezaliwa ziwani neno ambalo mtoto wa mvuvi angelicheka. Na yeye hakucheka, kwa sababu lilitoka kwangu. Alinitazama kidogo, akasema, "Sawa, Mwalimu." Nimeisikia "sawa" ile mara nyingi sana tangu hapo.

Kilisafiri miezi saba. Ya siku yenyewe unayajua, nami sitayarefusha. Ilikuwa alasiri, kikirudi kutoka kisiwani. Mvua ya upepo ilipiga upande mmoja, abiria wakahamia upande mwingine wasilowe, kama ambavyo watu wangefanya mahali popote. Wimbi halikuwa kubwa; wavuvi waliokuwa karibu walisema hivyo. Kililala, na safari hii hakikumaliza kufikiria. Watu sita hawakurudi. Mmoja wao alikuwa Mama Kulwa, aliyekuwa ametoka kumzika shangazi yake. Dada yake aliniambia msibani kwamba kulikuwa na chombo kingine kilichoondoka asubuhi, akakataa kukipanda. Alisema anasubiri cha Mwalimu.

Ulilia siku tatu. Ndipo uliponiuliza kwa nini vyombo vinapinduka, na mimi, badala ya kukujibu, nilikununulia vitabu vya hesabu. Kwa hiyo hata njia hii unayoishika kesho, mimi niliifungua kwa kukwepa swali.

Chombo kilikuwa kimezama kwenye maji marefu, na hawakukitoa. Wachunguzi walikuja karakanani wakaomba mchoro. Nikawapa. Ulikuwa umechorwa kwa wino safi, una sahihi yangu na mhuri. Hawakuuliza kama chombo kilifanana nao. Sikusema uongo hata mmoja siku ile, na hiyo ndiyo iliyokuwa hila yake: walipata kwangu kila walichoomba. Wakakadiria kwa mchoro, wakaona chombo kilikuwa salama, wakatafuta kosa kwingine. Mafuru alikuwa amepakia magunia juu ya paa, nao hawakujiuliza turubai la mchoroni lingebebaje gunia. Kosa likakaa kwake. Alinyang'anywa cheti, akawekwa mahabusu, na alipotoka alihama ziwa. Fundi mitambo na seremala walinyamaza kwa kuwa kila mmoja alijua jambo moja tu, dogo, lililoruhusiwa. Masatu alikuja nyumbani mara moja, akakaa pale unapokaa wewe ukila, akaniuliza, "Mwalimu, ile hesabu ya paa unayo?" Nikasema ninayo. Hakuomba kuiona. Sisi hatukuombana karatasi.

Nimeishi vipi? Umenilea uzeeni mwangu bila kujua unamlea nani, kwa hiyo nikuambie. Kanisani, watu wanapoinuka kwenda kupokea komunyo, upande mmoja ukijaa kuliko mwingine, mimi hushika benchi. Umeniona nikifanya hivyo ukadhani ni magoti. Nikipita ufukweni nikaona chombo kinalala kwa wimbi, nahesabu kimoyomoyo mpaka kiinuke, na kama mtu ananisemesha wakati huo simjibu. Chai ya saa nne siinywi. Mama yako alidhani ni tumbo. Na kuna asubuhi ambazo, kabla sijaamka sawasawa, nasikia mtu akisema kwa upole kabisa, bila lawama, "Cha Mwalimu nitapanda." Sijawahi kumwona. Angekuja kwa hasira ningejua la kufanya.

Utauliza kuhusu kitubio, maana mimi ndiye niliyekufundisha. Nilikwenda. Nilisema, "Nimesema uongo kazini." Padre akanipa sala za kusali, nikazisali zote, na nikaendelea kupokea, na kufundisha watoto wa wengine. Nilitubu neno, sikutubu tendo. Mtu aliyesoma dini anaweza kujificha ndani yake vizuri kuliko asiyeisoma. Anajua milango yote.

Kisha ukaja na zawadi yako. Nilivumilia Mafuru alaumiwe miaka kumi na minne, na aibu ya hilo haielezeki. Lakini kukuona wewe ukimhukumu, kwa bidii na unyofu wote niliokulea nao, ukitumia mchoro niliokupa kwa mkono wangu, hilo sikuliweza. Nilikupa mchoro ule safi ulipouomba, kwa sababu hakuna mwingine. Ningeweza kukuambia siku ile. Nilisema, "Utunze, ni wa zamani."

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwa Padre, nikasema kwa majina. Aliuliza jambo moja tu: "Na huyo nahodha anajua?"

Juzi nilikwenda Mkolani. Mafuru ana kibanda cha kuziba pancha nyuma ya duka la mbao. Kutoka pale ziwa halionekani kabisa. Nadhani alipachagua kwa sababu hiyo. Alikuwa amezamisha mpira wa baiskeli kwenye beseni, anatafuta mapovu. Aliniona, akafuta mikono.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nikaitikia. Sikumbuki marahaba iliyonipa shida kama ile.

"Una baiskeli siku hizi?"

"Sina."

"Basi una neno."

Nikamwambia yote, kwa mpangilio huu huu niliokuandikia, pamoja na kwamba sikuwa nimepiga hesabu. Aliurudisha mpira majini, akawa anauzungusha polepole. Alipomaliza mzunguko, akauanza tena.

"Magunia niliyapakia mimi," alisema. "Ishirini na manane, juu. Hilo ni langu, usiniondolee."

"Nani alikuambia paa linabeba?"

"Masatu. Alisema wewe umesema."

Mteja mmoja akaja na tairi. Akamwambia arudi baadaye.

"Nilikuambia kinachelewa kuinuka."

"Uliniambia."

"Kumbe nilisikia vizuri." Alisema hivyo mara mbili. "Unajua, Mwalimu, miaka yote hii nimedhani ni mikono yangu. Kwamba siku ile mikono ilisahau kazi. Sijagusa kasia la mtumbwi tangu hapo, hata la kuvukia. Nilikuwa naogopa mikono yangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na kwa mkono wake, ambao bado ni mzito.

"Umekuja nikusamehe?"

"Sikuja kuomba hilo."

"Vizuri. Maana leo sina." Akaukausha mpira kwa kitambaa. "Nina watoto wanne. Wanajua baba yao alizamisha watu. Mkubwa alipigana shuleni kwa ajili hiyo. Wa kwako anajua nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia na kazi yako ya kompyuta, na ulichokusudia kumwekea mezani. Nilidhani atakasirika. Aliuliza tu kama inawezekana ukaweka humo chombo chenyewe, kile alichokiendesha yeye. Kisha akasema, "Niandikie, Mwalimu. Kwa mkono wako, na mchoro uliobadilika. Watoto wangu wanajua kusoma."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuuchambua mpaka ukaisha, akasema, "Nilijua una kitu. Sikujua kina watu ndani." Tangu juzi ananipa chakula na kunisalimu, basi. Ukiona kesho hatushikani mikono uwanjani, si kwa sababu ya safari yako.

Leo mchana, mlipokwenda mjini, nilikaa nikaipiga ile hesabu. Ndiyo, mama. Katika miaka yote hii sikuwahi kuipiga. Nilikuwa na kalamu, nilikuwa na ujuzi, na nilikuwa na jioni nyingi kuliko zinavyohitajika. Nilijiachia shaka ili niendelee kuishi: huenda hata kama ningehesabu, jibu lingekuwa salama. Shaka hiyo ilikuwa mto wangu wa kulalia. Nilijua kwamba nisipoipiga mimi, utaipiga wewe, peke yako, katika nchi ya watu, na utakuwa wa kwanza kujua. Mzazi hamwachii mtoto kazi ya namna hiyo.

Nimeipiga mara tatu. Kwa mchoro, magunia yale yasingekuwa na mahali pa kukaa juu, maana turubai halibebi gunia. Yangeshuka kwenye tumbo la chombo, na huko yangesaidia kukisimamisha. Hata kama Mafuru angepakia yote ishirini na manane, na watu wote wakahamia upande mmoja, mchoro wangu ungeinuka. Chombo changu hakikuweza. Na hata bila gunia lolote juu, chini ya lile paa, nafasi iliyobaki ilikuwa ndogo mno kiasi kwamba nisingekiruhusu kibebe mtu. Jioni moja ya kazi ingetosha kuniambia hivyo. Haikuhitaji kompyuta.

Nimeambatanisha kurasa nne. Mna uzito wa injini iliyowekwa, si ile iliyoandikwa. Kimo cha sakafu baada ya kupanda. Unene wa bamba la paa, nguzo zake na mahali zilipochomelewa, kadiri ninavyokumbuka, na nakumbuka vizuri mno. Nisipokuwa na hakika nimeandika kwamba sina hakika, na kiasi gani. Kila ukurasa una sahihi yangu. Jumatatu nitapeleka nakala kwenye ofisi inayosimamia vyombo vya majini. Sijui watanifanya nini, na sikuandikii ili unihurumie kwa hilo. Ya Mafuru nimeiandika kwanza, kabla ya hii. Ndiyo maana yako imechelewa na mkono umechoka.

Kuhusu kazi yako huko uendako, siwezi kukuambia watakupokeaje ukiwaeleza kwamba chombo ulichowaonyesha si chenyewe. Huenda ikakugharimu. Walikuchukua kwa kazi ambayo mimi niliitia ubovu kwenye msingi, na sina namna ya kukulipia. Kitu kimoja nimejifunza, tena kwa kuchelewa: katika kazi yenu mtu atakuuliza kama umethibitisha, na kutakuwa na siku ambapo hujathibitisha, na aliyeuliza ni mtu mwema, na chai ipo mezani, na kusema "bado" kutakuwa kugumu kama kuinua chombo kwa mabega. Chombo chenu cha kazi, ile modeli, kitawazuia wengi wasijifiche. Hakitamzuia anayeingiza humo neno lake badala ya kipimo. Sikuhofii. Nakuambia tu palipo na shimo, kwa sababu nimekaa ndani yake.

Nilikuwa nimefikiri kukupa bahasha hii uwanja wa ndege, uisome ukiwa juu, mahali ambapo usingeweza kunijibu. Nilipogundua nimefikiri hivyo, niliona aibu upya. Mungu akutangulie njia yote, na asikuache uendako. Hilo nitakuombea uwe umenikasirikia au la. Lakini leo bado uko hapa, na ndege ni kesho.

Sasa hivi nainuka kugonga mlango wako. Nitakupa barua hii na zile kurasa nne, kisha nitarudi kukaa kwenye kiti changu, na sitainuka mpaka utoke. Njoo na maswali yako kwa mpangilio wowote unaotaka. Usinipunguzie hata moja.

Baba yako